Kipima Muda cha Kisahani Chekundu: Tathmini kwa Wenye ADHD na Asubuhi Zao

Kipima muda ninachokitathmini hapa ni kile cha mezani chenye kisahani chekundu, ambacho mtu hukizungusha kwa kidole mpaka kwenye dakika anazotaka, kisha akauona wekundu ukipungua taratibu hadi kwisha. Nilikinunua katika duka la vifaa vya jikoni kwenye jengo mojawapo la biashara karibu na Kikuubo, katikati ya Kampala. Nimekitumia nyumbani wakati wa muhula wa shule na wakati wa likizo, kwa ajili yangu na kwa ajili ya binti yangu wa darasa la tatu, maana sote wawili tuna ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na kutotulia kupita kiasi. Uamuzi wangu nautoa mapema ili msomaji mwenye haraka aupate: ni kifaa chenye manufaa ya kweli kwa kipande kimoja cha siku, yaani kati ya kutoka kitandani na kufunga mlango kwa nje, na ukikitoa katika kipande hicho thamani yake hushuka sana.

Inafaa nieleze kwanza kwa nini kipande hicho ni kigumu, kwa sababu bila kukielewa, mtu ataona tumenunua saa ya kuchezea. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, DSM-5, uliotolewa mwaka 2013, umeorodhesha dalili 18 za ADHD, na 9 kati ya hizo zinahusu umakini: kupoteza vitu vinavyohitajika, kusahau shughuli za kila siku, kushindwa kupanga mambo kwa mfuatano, kuacha kazi katikati, kutekwa na kila kinachopita mbele ya macho, na nyinginezo za namna hiyo. Mtu mzima huhitaji kuwa na dalili zisizopungua 5 katika mojawapo ya makundi mawili, la umakini na la kutotulia na kutenda bila kufikiri, na baadhi ya dalili hizo ziwe zilionekana kabla hajafikisha miaka 12. Dalili hizo huweza kusambaa katika siku nzima, lakini asubuhi huzikusanya zote ndani ya saa moja, tena saa ambayo ina mwisho usiosogezwa: gari la shule halisubiri, na mwajiri haahirishi kikao.

Chukua mfano wa jikoni kwangu. Naenda kuchukua mwiko wa kukorogea uji, naiona karatasi ya bili ya maji juu ya kabati, bili inanikumbusha kuwa uniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zimebaki chache, nachukua simu ili nilipie tokeni kwa pesa za simu, na kwenye simu nakuta kundi la wazazi wa darasa wanajadiliana kuhusu safari ya watoto ya kwenda Entebbe. Nasoma, najibu, naulizwa swali, najibu tena, na uji unafurika juu ya sigiri. Hakuna hata tendo moja hapo lililo baya, kila moja ni wajibu wa mama wa nyumba, na ndiyo sababu ushauri wa kwamba mtu aache uvivu hausaidii chochote. Kinachokosekana ni ile hisia ya ndani ambayo watu wengine wanayo bila kuitafuta, inayowaambia kwamba dakika kumi na mbili zimekwisha kupita tangu wasimame hapo.

Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley amekuwa akieleza tangu miaka ya 1990 kwamba ADHD ni tatizo la kujitawala zaidi kuliko tatizo la kutokujua la kufanya, na kwamba mwenye hali hii hauoni muda ulio mbele yake kama wenzake wanavyouona. Ushauri unaotokana na mawazo yake ni kuutoa muda kichwani na kuuweka mahali ambapo macho yataukuta bila kuombwa. Kipima muda hiki kinafanya jambo hilo moja na hakifanyi jingine.

Kuna sababu ya pili inayoifanya asubuhi iwe saa ya udhaifu, nayo haisemwi mara nyingi. Wanaotumia methilifenideti ya kawaida, dawa ya ADHD isiyo ya kuachiliwa polepole mwilini, wanajua kwamba huchukua takribani nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuanza kufanya kazi, na nguvu yake hudumu saa tatu hadi nne. Kwa hiyo hata aliyebahatika kuwa na dawa huianza siku bila msaada wake, katika ile saa anayoihitaji zaidi. Na wenye bahati hiyo si wengi. Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, maombi ya kuiingiza methilifenideti katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yalikataliwa, jambo ambalo lina uzito katika nchi ambazo huitazama orodha hiyo zinapopanga ununuzi wa dawa za hospitali za umma. Kwa familia nyingi za Uganda, hata zile ambazo mtoto wao amechunguzwa na wataalamu wa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, au wa hospitali nyingine kubwa, mpangilio wa nyumba na vifaa vya namna hii ndivyo sehemu kubwa ya tiba iliyo mikononi mwao. Ndiyo maana naona ni haki kifaa kinachouzwa kwa ahadi hizo kikaguliwe kwa makini na kwa heshima.

Wazo la kisahani chekundu si geni. Lilianzishwa katika miaka ya 1990 na Jan Rogers, mama wa mjini Cincinnati katika jimbo la Ohio, Marekani, ambaye binti yake mdogo alikuwa akiuliza kila mara muda uliobaki ni kiasi gani. Alichokitengeneza kikaja kuitwa Time Timer, na leo kinatumika katika madarasa na kliniki nyingi ng'ambo. Kilichopo katika maduka yetu kwa kawaida ni nakala zisizo na jina, zenye umbo lile lile: uso mweupe wenye alama za dakika 60, namba zikipangwa kinyume cha mwendo wa saa, ili wekundu unapopungua uelekee upande ambao mishale ya saa yoyote huelekea. Hakuna mshale mwembamba wa kutafuta, wala hesabu ya kutoa. Mtoto asiyejua kusoma saa anaelewa mara moja kwamba wekundu mkubwa ni muda mwingi na wekundu mdogo ni muda kidogo, na mimi ninayejua kusoma saa tangu utotoni naelewa vizuri zaidi kwa njia hiyo pia, kwa sababu saa ya ukutani huniambia ni saa ngapi na hainiambii nimebakiwa na nini.

Katika matumizi, jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba dakika 60 zote kwa pamoja hazifai. Ukikijaza kisahani chote, wekundu ni mwingi kiasi cha kumfanya mtu aone ana siku nzima, na kupungua kwake hakuonekani kwa jicho. Tukaigawa asubuhi katika vipande vitatu: dakika 20 za kuoga na kuvaa, 15 za uji au chai, na 10 za viatu, mkoba na chupa ya maji. Katika kipande cha dakika 10 mtu akigeuka mara mbili tu anaona tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayomrudisha kwenye shughuli. Mahali pa kukiweka pana uzito kuliko nilivyotarajia. Chumbani hakikufaa kitu, kwa sababu vishawishi vyangu havikai chumbani. Kilipohamia kwenye rafu ya jikoni, kati ya birika na kopo la sukari, kikawa kinakutana na macho yangu kila ninapogeuka, hata ninapoelekea kwenye jambo lisilohusika.

Faida iliyonigusa zaidi ni ya namna nyingine kabisa. Kabla ya kifaa hiki, saa ya nyumba yetu ilikuwa sauti yangu na ya dada anayetusaidia kazi, na sauti hiyo ilikuwa na neno moja tu, haraka, lililorudiwa kuanzia bafuni mpaka getini. Mtoto mwenye ADHD husikia neno hilo mara nyingi kuliko watoto wenzake, na kwa sababu halimwelekezi afanye nini, hubaki nalo kama lawama. Sasa dada husema, "Mwangalie mwekundu wako," na binti yangu huenda mwenyewe kwenye rafu, akatazama, akarudi akiwa na habari: "Mama, imebaki kidogo, nafunga viatu tu." Ni sentensi ndogo, lakini anayeisema ni mtoto anayetoa taarifa ya shughuli yake. Hatetei nafsi yake mbele ya mtu mzima aliyekasirika. Utafiti wa mapacha umeonyesha kwamba tofauti kati ya watu katika ADHD hutokana na urithi kwa takribani asilimia 74, kwa hiyo katika nyumba nyingi mzazi anayepiga kelele na mtoto anayepigiwa kelele wamepotewa na muda kwa sababu ile ile. Kitu cha tatu, kisicho na hasira, kinachosema ukweli kwa wote wawili, kina thamani ambayo sikuiona imeandikwa kwenye boksi lake.

Hata hivyo, wekundu peke yake haumwambii mtu la kufanya unapokwisha. Hapa ndipo wengi wanaokinunua hukata tamaa: kengele inalia, mkono unakizima, na mkono ule ule unarudi kwenye simu. Dawa yake ni kuufunga mwisho wa wekundu na tendo moja lililoamuliwa mapema. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika kwa miaka mingi, hasa tangu makala yake ya mwaka 1999, juu ya mipango ya namna ya "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi," na utafiti alioufanya pamoja na Caterina Gawrilow ulionyesha kwamba mipango hiyo huwasaidia watoto wenye ADHD kujizuia. Kwetu mpango unasema hivi: wekundu wa chai ukiisha, kikombe kinawekwa chini hata kama kina chai. Mwanzoni nilidhani ni ukali usio na sababu, lakini bila sharti hilo kipima muda hugeuka kuwa pambo linalolia.

Yapo mambo ambayo kifaa hiki hakiyatibu, na muuzaji mwaminifu angeyasema. Hakimwamshi mtu. Hakimwanzishi mtu pia, kwa maana kwamba yule anayekaa ukingoni mwa kitanda akiwa na soksi moja mkononi, akijua kabisa la kufanya na asiweze kuanza, ataendelea kukaa hivyo wekundu ukimalizika mbele yake. Kwa hali hiyo, kilichosaidia kwetu ni mtu mwingine kuwepo chumbani akifanya shughuli yake, hata kama hasemi kitu. Hakitafuti funguo, funguo zinahitaji msumari mlangoni. Wala hakirudishi usingizi uliopotea. Wengi wenye ADHD saa ya mwili wao imechelewa, hawasinzii mapema hata wakijilaza mapema, na asubuhi huwakuta katikati ya usingizi mzito. Mwanga wa jua la asubuhi huisaidia saa hiyo kuwahi, na sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tuna neema ya jua linalochomoza Kampala kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima. Tatizo ni kwamba watoto wetu wengi huwa wamekwisha kupakiwa kwenye gari la shule kabla ya mwanga huo, na hilo ni suala la ratiba za shule ambalo nalitaja kwa uchungu na kuliacha, kwa kuwa hakuna kifaa cha dukani kitakacholimaliza.

Swali ambalo kila rafiki huniuliza ni kwa nini nisitumie simu, ilhali programu zenye duara lile lile zinapatikana bila malipo. Nimezitumia, na duara lao ni zuri, lina hata rangi za kuchagua. Lakini ili kuliona duara ni lazima nishike simu, na kuishika simu asubuhi ndiyo mlango wa shida yote niliyoieleza. Hapa Uganda, ambapo Facebook imefungwa tangu Januari 2021, wapo wanaoanza siku kwa kuhangaika na VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, kabla hata hawajanawa uso, na muda unaopotea hapo haurudi. Kipima muda chenye betri hakina ujumbe, hakina habari, hakina picha ya mtoto wa binamu aliyezaliwa Mbarara jana usiku. Kutokuwa na kitu kingine ndani yake ndiyo sifa yake kubwa, na ni sifa ambayo programu ya simu haiwezi kuwa nayo hata ingetengenezwa kwa ustadi wa namna gani.

Mshindani wa haki zaidi ni redio. Nyumba nyingi za Kampala zimekuwa zikiiendesha asubuhi kwa redio tangu zamani: taarifa ya habari ikianza, mtoto awe amekwisha kula, michezo ikianza, baba awe ameshatafuta bodaboda. Redio ina ubora ambao kisahani hakina, kwani humfikia mtu hata akiwa bafuni au uani anapochota maji. Kwa asiye na ADHD inatosha kabisa. Kwangu mimi ilishindwa kwa sababu mjadala mkali wa kisiasa ulikuwa ukiniteka nikasimama na pasi mkononi nikisikiliza hoja ya mpigaji simu mmoja hadi mwisho. Anayeweza kuisikiliza bila kutekwa hana haja ya kutumia fedha zake kwa kifaa hiki.

Sasa nizungumzie ubora wa nakala niliyoinunua, maana wazo zuri haliifanyi plastiki mbovu iwe nzuri. Kisahani chake hukwama katika dakika mbili tatu za mwisho, wekundu ukabaki mwembamba kama ukucha bila kwisha, na kengele isilie mpaka mtu akiguse. Kwa mtu wa kawaida ni kasoro ndogo. Kwa mtoto aliyefundishwa kuuamini wekundu ni kasoro kubwa, kwa sababu wekundu uliobaki kwake ni muda uliobaki, na ana haki ya kudai hivyo. Sauti yake ya tik-tik nayo inasikika hadi chumba cha pili. Baadhi yetu sauti ya kujirudia hututuliza, lakini binti yangu humsumbua mno, na nimelazimika kukiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa ili kuipunguza. Mguu wake wa nyuma ni mfupi, kwa hiyo kikiguswa huanguka kifudifudi. Cha asili cha Marekani, ambacho nimekiona na kukishika kwa jamaa aliyekuja nacho kutoka ng'ambo, hakina mlio wa kusumbua, kengele yake inaweza kuzimwa, na hutumia betri moja ya AA. Tofauti ya bei ni kubwa: nakala ni chini ya shilingi laki moja, na cha asili hupita kiasi hicho hata kabla ya gharama ya kukileta.

Lipo pia jambo la mazoea. Akili yenye ADHD hupenda kipya, na kipya hakibaki kipya. Baada ya muda nilianza kupita mbele ya rafu bila kuuona wekundu, kama nisivyoiona tena kalenda iliyo juu yake. Tiba iliyotufaa ni kuanza kukificha kabatini siku za Jumamosi na Jumapili na wakati wote wa likizo, ili kinaporudi Jumatatu kirudi kama mgeni, na kukibadilishia upande wa jikoni mara moja moja. Nilipokitumia pia jioni kwa kazi za shule na usiku kwa maandalizi ya kulala, kilipoteza nguvu yake ya asubuhi upesi sana, na hapo ndipo nilipofikia ule uamuzi wa kukiwekea kipande kimoja tu cha siku.

Nani akinunue, basi? Mzazi wa mtoto anayeuliza kila mara muda umebaki kiasi gani, au asiyeuliza kabisa. Mtu mzima anayeamka mapema vya kutosha na bado anachelewa, asijue saa yake imekwenda wapi. Mwalimu wa darasa la chini mwenye watoto wawili watatu wa aina hii angefaidika nacho pia, ilimradi apate chenye uso mpana unaoonekana kutoka dawati la nyuma. Asikinunue yule ambaye shida yake ni kuanza, au ambaye huchelewa kulala hadi saa nane za usiku; fedha hizo zitamsaidia zaidi kama nauli ya kwenda kumwona mtaalamu.

Atakayekwenda kukitafuta madukani aende na betri yake mfukoni, amwombe muuzaji kwa adabu, "Ssebo, nakuomba tukijaribu kwanza," akizungushe hadi dakika 5, na asimame hapo hapo mpaka wekundu uishe wote na kengele ilie. Muuzaji wangu alikubali bila kinyongo, akatufungulia viwili na kimoja kikakwama, nacho akakirudisha kwenye boksi. Hata hicho tulichoondoka nacho kilikuja kukwama baadaye, kwa hiyo aombe pia risiti na amuulize kwa siku ngapi kinaweza kubadilishwa.